Sarafu Mbili na Vernia

Vijana, hamjambo. Hii diski ya breki niliyoshika imetoka jana kwenye gari dogo la hapa Buruburu. Mwenyewe alikuja na pedi mpya kutoka Kirinyaga Road, akasema, "Fundi, nifungie tu, nina haraka." Tazameni uso wake: unang'aa, hauna mikwaruzo. Kwa macho ni nzima.

Sasa wewe uliyekaa mbele, hebu nipimie. Vernia, kipimo hiki cha kubana, inasoma ngapi? Milimita 21.3. Na hapa karibu na kitovu, nilipotoa kutu kwa brashi ya waya, nimekuta MIN TH 20, yaani diski isipungue unene wa milimita 20. Basi tufunge pedi twende tukale, sivyo?

Sivyo. Pitisha kidole ukingoni. Umekisikia kituta? Pedi haifiki pale, kwa hiyo chuma hakiliki, na kutu inakinenepesha zaidi. Umepima kituta, hujapima diski. Mimi mwenyewe nilishadanganyika hivyo, na vyeti vyangu vikiwa ukutani.

Chombo chenyewe ni maikromita, ncha zake huingia ndani ya kituta. Huna? Toa sarafu mbili mfukoni. Weka moja kila upande, pale pedi inaposugua, zibane kwa vernia pamoja na diski, kisha toa unene wa sarafu. Hapa tunapata 23.2, sarafu zote mbili ni 3.8. Diski ni 19.4. Imekufa, na bado inatuchekea.

Pima sehemu sita hivi, kuizunguka. Pedali ikiwa inapiga mguu, sarafu hazitakusaidia: tofauti ya unene ya 0.02 mm inatosha kuleta mtetemo huo, na hiyo huonwa na maikromita tu.

Mtu ataniambia nusu milimita ni kitu gani. Amuulize anayeteremka Mai Mahiu na familia na magunia ya viazi. Diski humeza joto. Chuma kikipungua, joto lile lile hukipandisha moto zaidi, nalo hupenya kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu, kiwango chake hushuka hadi 140. Ikichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi sakafuni.

Kuskimu, yaani kuchonga uso wa diski kwa leithi? Leithi inakula chuma. Diski ya 20.3 haina cha kuchongwa. Na ya 20.2, ingawa haijafika 20, msiifungie pedi mpya; itavuka mpaka kabla pedi hazijaisha. Mkibadilisha, badilisheni kushoto na kulia.

Mteja atalia bei. Mpe vernia apime mwenyewe. Huyu wa jana alipima mara tatu, akanyamaza, akarudi Kirinyaga Road.

Haya, diski nyingine tano ziko mezani. Sarafu ni zenu. Vernia ni zangu, nimezileta mbili, na nitazihesabu.