Kioo Chenye Tinti Hakifutwi Kama Kioo

Ndugu zangu, karibuni. Nimewaomba tusimame huku nje kando ya gari kwa sababu jambo lenyewe, kufuta vioo vya gari, ni la mkono na jicho. Nikilisema ukumbini mtaitikia tu, kisha mtarudi kufuta kama mlivyozoea. Gari hili halijaguswa kwa wiki mbili. Kabla sijashika kitambaa, kijana, wewe uliye karibu, ingia kiti cha dereva, buruta kidole kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Polepole, toka juu hadi chini. Haya, shuka utuoneshe.

Tazameni kidole. Vumbi la nje ni kavu, ukilipuliza linaruka. Hiki hakipulizwi. Ni kijivu, na ukikisugua baina ya vidole viwili kinateleza. Ni utando wa mafuta, na chanzo chake kimojawapo ni gari lenyewe. Dashibodi na mapambo ya milango ni plastiki iliyotiwa kemikali za kuilainisha isije ikapasuka. Gari likifungwa juani, kemikali hizo hutoka kidogo kidogo kama mvuke, mvuke unapanda, unakuta kioo, unaganda hapo. Pumzi zetu zinaongeza, moshi wa sigara unaongeza, na ile dawa ya kung'arisha dashibodi nayo inaongeza. Mwenye gari jipya hushangaa vioo vyake kushika ukungu upesi. Ni kwa sababu plastiki yake bado changa, bado ina mengi ya kutoa.

Mchana utando huu hauonekani. Usiku taa za gari linalokuja zikiupiga, mwanga unatawanyika, kioo kizima kinakuwa cheupe, na mtu anayetembea kando ya barabara anafunikwa na weupe ule. Vivyo hivyo asubuhi mnapoendesha kuelekea jua. Mimi nafuta vioo kwa sababu ya mtu yule wa kando ya barabara. Gari kupendeza ni jambo zuri, lakini ni la pili.

Sasa mchirizi. Karibu kila mtu akiona mchirizi hudhani dawa haikutosha, basi anapuliza tena. Mchirizi ni utando uleule uliolegezwa, ukasogezwa, ukaachwa ukauke mahali pengine. Kazi ya dawa ni kuulegeza uchafu. Kuutoa kwenye kioo ni kazi ya kitambaa. Ukimwaga dawa nyingi kitambaa kinashiba, na kitambaa kilichoshiba hakitoi kitu, kinapaka. Kwa hiyo mkiona michirizi, punguzeni dawa na mgeuze kitambaa. Nayasema haya mapema maana ndiyo yatakayowasaidia hata mkisahau mengine yote.

Na kitambaa chenyewe? Ninavyo viwili hapa, vyote vya maikrofaiba. Vingi vya namna hii ni poliesta asilimia 80 na poliamaidi asilimia 20, nyuzi nyembamba mno zilizopasuliwa ili zikamate uchafu katikati yake. Hiki chenye manyoya marefu ni kizuri kwa bodi ya gari, kwa kioo hakifai, kinaacha nywele. Kwa kioo chukueni hiki kifupi kilichofumwa bapa. Nakikunja mara mbili, hivi, napata pande nane za kutumia nikikikunjua na kukigeuza. Upande ukichafuka, nageuza. Dirisha moja la mlango laweza kula pande tatu, na hilo si kosa.

Kifueni peke yake kwa sabuni ya maji. Msitie ile dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo hufanya nguo iwe laini kwa kuzipaka nyuzi utando, na utando huo mtaupeleka wenyewe kwenye kioo. Wako watu wamebadilisha dawa za vioo aina tano, wakati tatizo lilikuwa kwenye ndoo ya kufulia.

Tuje kwenye tinti, maana wengi wenu mmekuja kwa ajili yake.

Sogeeni kwenye mlango huu wa nyuma. Nashusha kioo kama upana wa vidole vitatu. Tazameni ukingo wa juu, mwangalie kwa ubavu. Mnaona kamstari? Weusi unaishia milimita moja au mbili chini ya ukingo, kisha kioo ni kitupu. Hiyo ni tinti ya kubandikwa. Gari lingine mtashusha kioo mkute weusi umeenea mpaka ukingoni, hakuna mstari. Hapo rangi imetiwa ndani ya kioo kiwandani, na kioo hicho mnakifuta kama kioo kingine chochote. Fanyeni uchunguzi huu kabla ya kugusa gari lolote msilolijua. Unachukua sekunde chache.

Tinti ya kubandikwa ni karatasi ya plastiki ya poliesta, unene wake kama sehemu 5 za mia za milimita moja, imeshikwa na gundi, na juu yake ina ngozi nyembamba ya kuzuia mikwaruzo. Hubandikwa upande wa ndani. Maana yake ni kwamba ukiwa ndani ya gari lenye tinti, mkono wako haugusi kioo hata kidogo. Unafuta plastiki. Yote yanayokatazwa yanatokana na hapo.

La kwanza linalokatazwa ni amonia. Dawa nyingi za vioo vya nyumbani zinayo, na mtaijua kwa ile harufu inayochoma pua. Kwenye kioo kitupu inakata mafuta vizuri sana, sina ugomvi nayo. Kwenye tinti inashambulia plastiki na gundi iliyo nyuma yake. Mara moja pengine hamtaona kitu, lakini ikizoeleka tinti inakauka, inapauka, inaanza kuachia pembeni. Watengenezaji wa tinti wenyewe wanaikataza. Someni kibandiko cha chupa. Kama hakisemi wazi kwamba dawa haina amonia, iacheni kwa ajili ya madirisha ya nyumba.

La pili ni kusugua kwa kitu kigumu. Mchanga wa kawaida una chembe za kwatsi, jiwe gumu, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7 wakati kioo ni kama 5.5. Kama mchanga unaweza kukwaruza kioo, fikirini utaifanya nini plastiki. Ndiyo maana sifuti kavu. Ndiyo maana pia upande wa kijani wa sponji ya vyombo, sufi ya chuma na ile sponji nyeupe ya kufutia madoa ya ukutani hazigusi tinti hata zikiwa zimelowa.

La tatu ni wembe, na hili naliongea kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mama mmoja aliniletea gari lenye stika iliyozeeka kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani. Nikachukua wembe. Stika ilitoka, na nilijisikia fundi. Siku ya mvua mama akarudi. Akawasha kiondoa ukungu, tukakaa wote wawili tukitazama: kioo kikawa safi taratibu, isipokuwa mikanda miwili katikati iliyobaki na ukungu kama ilivyokuwa. Ile mistari myembamba ya kahawia mnayoiona kwenye kioo cha nyuma ni njia za umeme, zimechapwa upande wa ndani. Nilikuwa nimekata tinti, na chini yake nimekata mistari miwili. Mama hakunigombeza. Nililipa, na wembe haujaingia tena ndani ya gari la mtu mkononi mwangu. Stika kama ile inalowekwa: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, unakishikilia juu yake dakika kumi au zaidi, unainua pembe kwa ukucha. Ikigoma, unaloweka tena.

Sasa nafanya kazi, tazameni mkono.

Kwanza nagusa kioo kwa mgongo wa kiganja. Kikiwa cha moto, gari linahamishiwa kivulini, tunasubiri. Kwenye kioo cha moto dawa inakauka kabla hujaikusanya, na tone la maji likikauka linaacha duara jeupe la chokaa. Kwa ajili hiyohiyo, penye maji magumu, yenye chokaa nyingi, natumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini. Wengi huyaita maji ya betri. Angalieni kibandiko kwa makini, iandikwe ni maji, maana wapo wanaoiita asidi ya betri kwa jina hilohilo, na asidi itawachoma ninyi kabla haijafika kwenye gari.

Dawa yangu ya tinti ni lita moja ya maji hayo na matone mawili au matatu ya sabuni laini ya maji. Basi. Ikitoa povu, sabuni imezidi.

Vioo navifanya mwisho, baada ya bodi kuoshwa na ndani kufagiwa, la sivyo vumbi linarudi. Kwa nje namwagia maji kwanza mchanga uondoke, kisha nafuta. Kwa ndani sipulizi dawa kwenye kioo, napuliza kwenye kitambaa, mara mbili tu. Ukipuliza kwenye kioo, nusu inatua kwenye swichi za mlango na spika, na kwenye kioo cha mbele inaingia kwenye kamera iliyo nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, kwa magari yaliyo nayo.

Kioo bado nimekishusha vile vidole vitatu. Naanza na ukingo wa juu, ule uliojificha ndani ya raba. Umeona weusi huo kwenye kitambaa? Mtu asiyeshusha kioo anauacha, na dirisha likifunguliwa mara moja mstari mchafu unajitokeza. Napita ukingo kwa mwendo mmoja bila kuuchokoa, kwa sababu tinti huanza kubanduka pale pale. Napandisha kioo, nafuta kilichobaki. Kwa ndani mkono unakwenda kulia na kushoto. Kwa nje unakwenda juu na chini. Huu ni ujanja mdogo unaookoa muda mwingi: mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani. Papo hapo kitambaa cha pili, kikavu, kinafuata nyayo za cha kwanza kabla unyevu haujakauka wenyewe.

Kioo cha nyuma, ndani, nafuata mistari, kushoto kwenda kulia, sikatizi.

Kioo cha mbele kina pembe ya chini inayowashinda watu. Kaeni kiti cha abiria, usukani usiwabane, geuzeni kiganja: mgongo wa vidole uguse kioo, kitambaa kikiwa katikati. Mkono unafika mpaka kwenye dashibodi. Kioo hiki kikiwa hakina tinti, na utando ni mzito kama huu aliotuonesha kijana, natumia alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, milango wazi, bila moto wala sigara karibu. Isidondokee dashibodi. Na waipa zifuteni pia. Raba chafu inachora upinde palepale ulipotoka kufuta.

Nimesikia swali la gazeti. Wazee wetu walifutia gazeti na vioo viling'aa, sikatai. Kwenye tinti siliruhusu, karatasi ni ngumu kuliko mnavyodhani na wino wake unahamia kwenye raba za mlango. Siki je? Kwa yale maduara ya chokaa upande wa nje inafaa, siki na maji kiasi sawa, iache dakika chache, suuza vizuri. Kwenye tinti sabuni inatosha, sioni sababu ya kuitafuta siki.

Dada ameuliza kuhusu tinti yake ya wiki iliyopita, ina ukungu na vitone vya maji ndani, je aikandamize? Usiiguse, dada. Fundi huibandika kwa maji, na maji hayo yanatoka polepole kupitia karatasi yenyewe. Usishushe kioo mpaka zipite siku alizokuambia fundi, na usiifute kwa ndani mpaka zipite kama siku 30. Mwezi ukiisha na viputo bado vipo, hasa vyenye punje ya vumbi katikati, hilo ni la fundi kurekebisha. Lakini viputo vinavyojitokeza kwenye tinti ya miaka mingi ni gundi iliyokufa. Hakuna dawa ya kuvifuta, na ukivitoboa kwa sindano unaacha tundu. Tinti hiyo inabanduliwa, inawekwa nyingine.

Haya, milango mitatu bado michafu. Shikeni vitambaa, wawili wawili, mmoja cha maji na mwenzake kikavu. Mimi nasimama na atakayefanya kioo cha nyuma.