Nani Amekula Tokeni? Mhadhara kuhusu plagi janja

Huu ni mhadhara niliotoa Kisumu mbele ya wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa stima. Nimeuandika karibu kama nilivyousema.

Hamjambo nyote. Walio nyuma, mnanisikia? Basi sogeeni mbele, viti vya huku havipigi shoti.

Nianze na swali lililovunja ujirani kwenye ploti nyingi, Manyatta hadi Nyalenda. Nyumba sita, mita moja, tokeni ya stima ya kuchangiana. Mmenunua Jumatatu, Alhamisi usiku mita inalia. Mnatoka nje na tochi za simu, na macho yote yanamwendea yule kijana wa mlango wa nne mwenye woofa.

Woofa zimeonewa sana mji huu. Niliwahi kuitwa kuamua kesi kama hiyo, nikaipima ya yule kijana. Kwa sauti ambayo tayari ilikuwa kero, ilikula wati 30. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, kwa hiyo akiicheza saa 5 kwa siku, hiyo ni yuniti 0.15. Tukaenda mlango wa pili kwa mama mmoja mtaratibu, mtu wa kwaya. Alikuwa na koili ya maji. Ndoo ya lita 10, kuitoa kwenye ubaridi wa asubuhi na kuipandisha digrii 25, inataka karibu yuniti 0.3. Kwake wanaoga watu watano. Piga hesabu: yuniti 1.5 kila siku, mara kumi ya woofa. Na koili haina kelele, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuishuku.

Nilichopimia ni hiki hapa. Wenyewe wanakiita plagi janja. Unakichomeka kwenye soketi ya ukutani, kisha chombo chako unakichomeka juu yake. Ndani mna swichi ndogo inayojifunga na kujifungua yenyewe, mafundi tunaiita rilei, ndiyo hiyo mnayoisikia ikilia "tik". Mna kipande cha Wi-Fi cha kuongea na simu yako. Na ukiwa umenunua kwa makini, mna kipimo cha stima. Nimesema ukiwa umenunua kwa makini kwa sababu nyingi za bei ya chini hazina kipimo. Zinawasha na kuzima, basi. Kwenye boksi tafuta maneno ya kupima matumizi ya nishati. Usipoyaona, usidhani yamesahauliwa.

Kwangu mimi, hicho kipimo ndicho sababu ya kununua. Hii habari ya kuwasha taa ukiwa kitandani ni ya kuonyesha wageni, na wageni nao huchoka. Lakini sisi tunaolipa stima kabla ya kuitumia tuna haki ya kujua inakwenda wapi. Ndiyo maana siwashauri mnunue kumi. Nunua moja nzuri, uizungushe nyumbani. Wiki hii iko kwa friji, wiki ijayo kwa televisheni na dekoda, kisha kwa ile mashine ya kufulia uliyoletewa na shemeji. Usiangalie namba ya dakika moja, maana friji huwaka na kuzima yenyewe. Angalia jumla ya siku saba, ugawe kwa saba. Halafu chukua risiti yako ya tokeni, ugawe shilingi ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Usitumie bei ya jirani wala ya mwaka jana, kwa sababu tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Sasa unajua friji yako inakula shilingi ngapi kwa siku, na hakuna wa kukubishia.

Na plagi yenyewe inakula. Ikiwa inatumia wati 1 kukaa macho ikisubiri amri, mwaka mzima ni karibu yuniti 9. Ukiziweka kumi ili kubana matumizi, umeajiri walinzi kumi wa kulinda debe moja la mahindi.

Tuje kwenye kununua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nyumba zinaungua.

Kenya tunatumia volti 240 na plagi ya meno matatu bapa, ile iliyotoka kwa Waingereza. Soketi hiyo mwisho wake ni ampea 13. Kuzidisha 240 kwa 13 ni 3,120. Hiyo ndiyo dari ya wati zako. Geuza plagi uisome mgongoni kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa 13A na 240V, endelea kuongea na muuzaji. Ikiwa imeandikwa 10A, dari imeshuka hadi wati 2,400, na kuna mabirika ya stima yanayoivuka. Ikiwa ina meno mawili ya duara, imetengenezewa Ulaya bara, na utalazimika kuivalisha adapta. Adapta juu ya soketi, plagi juu ya adapta, chombo juu ya plagi: kila maungio ni mahali pa joto.

Dada yangu alirudi kutoka Marekani na plagi nne za zawadi, nzuri kweli, kwenye boksi lililofungwa utepe. Kule stima ni volti 120. Mgongoni zilikuwa zimeandikwa 120V tu, na shemeji yangu hakusoma. Aliichomeka ya kwanza kwa adapta, ikatoa mlio mmoja na harufu ambayo fundi yeyote hapa anaijua. Tatu zilizobaki watoto wanajengea nyumba za wanasesere.

Sasa tazameni hapa. Hili ni birika la wati 2,200. Nalichomeka kwenye plagi janja, nalijaza maji, nawasha. Someni kwenye skrini: wati 2,060. Mbona haijafika 2,200? Kwa sababu volti za hapa ukumbini saa hii ziko chini kidogo ya 240, nayo plagi inatuonyesha. Watu wa huku magharibi volti za jioni mnazijua, taa zinapogeuka rangi ya chai. Birika halijali, litachelewa tu kuchemka. Mota ya friji ndiyo inayoumia, kwa sababu volti zikipungua yenyewe inavuta mkondo zaidi ili iendelee kuzunguka.

Mkondo wa birika hili ni kama ampea 9. Plagi inaruhusu 13, kwa hiyo kwenye karatasi tuko salama. Tatizo ni kwamba karatasi haijui soketi yako. Soketi iliyolegea, ile ambayo plagi inaning'inia kama jino la mtoto, haishiki shaba kwa shaba. Tuseme pale zilipogusana kuna ukinzani wa omu 0.1 tu. Ampea 9 mara 9 mara 0.1 ni wati 8. Wati 8 zimebanwa kwenye kijichuma kidogo kama punje ya mahindi, ndani ya plastiki, dakika kwa dakika. Ndiyo maana mnaona soketi zimekuwa kahawia pembeni. Plagi janja haikuleta ugonjwa huo, ila palipokuwa na maungio mamoja sasa pana mawili, moja nyuma na moja mbele.

Kwa hiyo birika, pasi, koili: pima dakika kumi, pata jibu lako, chomoa plagi. Usiziachie humo. Shawa ya stima hata usiulize. Ile inavuta wati 5,000 na zaidi, ina waya wake na swichi yake, haina uhusiano na soketi. Jiko la stima vilevile. Na tafadhali, usiweke plagi janja kwenye ekstensheni halafu birika na pasi zikafuatana hapo. Wati 2,200 na 1,500 ni 3,700. Dari mmeshaipita.

Mama wa safu ya mbele, nakuomba. Birika limechemka, nimelizima. Gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu? Vuguvugu ni sawa. Ungeuondoa mkono haraka, ingekuwa imestaafu leo hii mbele yenu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa ni hili: stima ikipotea ikarudi, plagi inaamka ikiwa imewasha au imezima? Kwenye programu nyingi kuna mpangilio wake, umejificha ndani ndani. Unachagua iamke ikiwa imewasha, ikiwa imezima, au kama ilivyokuwa. London huenda mtu asiuguse miaka mitatu. Hapa Kisumu utaujua kabla ya wiki kwisha.

Mimi mpangilio huo ulinifundisha kwa aibu. Shangazi yangu ana frija ya samaki kule Dunga. Nilimwekea plagi nipime, nikaona mpira wa mlango umechoka, nikamwambia, tukafurahi. Nikaiacha plagi pale. Usiku mmoja stima ilikatika dakika 20 ikarudi. Plagi iliamka ikiwa imezima, kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani na mimi sikuangalia. Shangazi alifungua frija saa nane mchana kumtolea mteja mbuta. Sitasimulia harufu. Sitasimulia maneno yake pia, ila alinikumbusha nani alinilipia karo ya chuo.

Kwa hiyo friji na frija, ukizipima, weka "iamke imewasha", na ukimaliza kupima toa. Nazo zirudi kwenye gadi yake, ile ya kulinda friji. Gadi inakata volti zikipanda au zikishuka mno, na stima ikirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu kompresa iwake. Plagi janja haisubiri. Stima ikirudi na ule mruko wake, inaufungulia mlango. Msimwondoe askari mkamweka karani.

Pasi ni kinyume. Unapiga pasi, stima inapotea, unakasirika, unaondoka kwenda kanisani na shati lenye mikunjo, pasi umeilaza juu ya kitambaa. Stima inarudi wakati wa mahubiri. Kama kuna mtu nyumbani kwako mwenye tabia hiyo, plagi inayoamka imezima inaweza kumwokolea nyumba. Hapo tu ndipo ningekubali pasi itumie plagi kila siku, na iwe plagi ya ampea 13 kwenye soketi inayobana.

Wi-Fi nitaipitia haraka. Nyingi zinashika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ukiwa umeunganisha simu kwenye ile ya 5, mnaweza kutafutana mchana kutwa. Hotspoti ya simu inatosha kuijaribu, lakini ukitoka na simu umetoka na mtandao. Na stima ikikatika ruta nayo inalala, kwa hiyo ukiwa Nairobi ukaona plagi ya nyumbani Mamboleo haipatikani, hujui kama stima imepotea, ruta imekwama, au kifurushi kimekwisha. Au kuna mtu amezima ukutani. Soketi zetu zina swichi, na sisi tumelelewa kuzizima kabla ya kulala. Mama yangu akija kwangu, kabla ya saa nne usiku nyumba yote ni bubu. Simlaumu, ni swichi iliyo janja kuliko plagi yangu.

Kingine, uliza kama plagi inaweza kutii simu yako bila kupitia kompyuta za kampuni ng'ambo. Mwaka 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani, iliyouza vifaa janja vya nyumbani, ilizima kompyuta zake bila kuaga, na watu wakaamka programu haifanyi kazi. Belkin nao walitangaza mwaka 2025 kwamba huduma za mtandaoni za vifaa vyao vingi vya Wemo zingekoma tarehe 31 Januari 2026. Hizo ni kampuni zenye jina. Sasa fikiria boksi lisilo na jina ulilonunua kando ya barabara. Zile zenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka 2022, zimeundwa ziweze kuongozwa humo humo ndani ya nyumba. Bei iko juu kidogo. Mimi ningelipa.

Swali? Naam, mzee wa kofia. Pampu ya maji ya ploti, nguvu-farasi moja, anataka iwake saa kumi alfajiri yenyewe. Ni swali zuri. Nguvu-farasi moja ni wati 746, mtu ataona ni ndogo. Lakini mota ikianza inavuta mara tano, sita ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kifupi, na mvuto huo unachoma midomo ya rilei. Siku moja midomo inashikana, unazima kwenye simu, programu inasema imezima, pampu inaendelea na tangi linafurika mpaka wapangaji wakuamshe. Mwite fundi akufungie kontakta, ile swichi kubwa ya kubeba mkondo mzito, plagi iamrishe kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu. Na uweke boya kwenye tangi la kukata stima likijaa, lisilohitaji Wi-Fi ya mtu.

Mama, unaweza kuiachia sasa. Imepoa?