Chembe Huenda Wapi? Mhadhara Kuhusu Kukata Pau Nene za Chuma

Ndugu mafundi, na ninyi mnaoanza kujitengea kona ya karakana nyumbani, nawashukuru kwa kufika. Nitajifunga kwenye chuma laini cha kawaida, pau za mraba na shafti za mviringo zenye unene wa milimita 25 hadi 50, kwa kuwa huo ndio unene unaomfanya mtu aliyezoea kukata nondo na mabomba ashike kiuno na kujiuliza amekosea wapi.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Shafti ya milimita 50 ina eneo la mkato la takribani milimita za mraba 1,963, ilhali ya milimita 25 ina 491 tu. Unene umeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara nne. Hata hivyo hesabu hiyo haielezi kwa nini bledi ya msumeno wa mkono iliyokata vizuri kwenye shafti ndogo huanza kung'aa na kupata moto kwenye ile kubwa bila kushuka. Sababu yenyewe ni mahali zinapokwenda chembe.

Kila jino la msumeno hubeba chembe lilizozikata mpaka litokee upande wa pili, na halina pa kuziweka ila kwenye kibonde kilicho kati yake na jino jirani. Kwenye bamba jembamba safari hiyo ni fupi. Kwenye pau ya milimita 50 kibonde hujaa njiani, na jino likaanza kuelea juu ya chembe zake lenyewe. Zaidi ya hayo, bledi yenye meno 24 kwa inchi huwa na meno 47 hivi ndani ya chuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo nguvu ya mikono yenu hugawanywa mafungu 47, na kila jino hupata kidogo mno kisichotosha kung'ata. Lisipong'ata husugua, na kusugua ndiko kunakoua bledi. Ndiyo maana kwa pau nene tunachukua meno 14 au 18 kwa inchi, tukiyaelekeza mbele, tukibonyeza wakati wa kusukuma na kulegeza wakati wa kurudisha, mipigo 40 hivi kwa dakika, kwa urefu wote wa bledi. Anayekwenda mbio kwa kipande cha katikati tu hulipia bledi nzima na kutumia theluthi yake.

Dawa ya pili, nayo naipenda kuliko ya kwanza kwa sababu haina gharama, ni kupunguza urefu wa chuma kinachoguswa kwa mara moja. Ukikata shafti ya milimita 50 kwa kina cha milimita 5, bledi inagusa milimita 30 tu. Basi ukifika hapo legeza jiliwa linaloibana shafti, izungushe, anza tena, mpaka mfereji uizunguke shafti yote; kisha rudia kwa kina kipya. Kwa pau ya mraba, inamisha msumeno mbele, kata kona. Uinamishe nyuma, kata kona ya pili. Halafu ondoa kilima kilichobaki katikati. Ili mifereji ikutane, zungushia shafti ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka, hakikisha ncha zake zinalaliana sawasawa, ndipo uchore kwa kufuata ukingo.

Bledi ikiisha makali katikati ya kazi, msiingize mpya kwenye mfereji wa zamani. Meno hupindwa kushoto na kulia ili mfereji uwe mpana kuliko bledi, na bledi iliyolika imeacha mfereji mwembamba. Mimi nilipuuza hilo nikiwa kijana, bledi mpya ikakwama kwa msukumo wa kwanza, ikakatika, na vifundo vya mkono wangu vikaishia kwenye jiliwa. Geuzeni pau, muanze upande wa pili.

Grainda nayo hufuata kanuni ileile. Diski ya milimita 125 haizami zaidi ya milimita 30 na kitu kabla kichwa cha mashine hakijagusa kazi, kwa hiyo pau nene lazima izungushwe. Na diski inayozama yote kwa pamoja hupata moto na kulika bure. Hatari kubwa ni mfereji kufunga na kubana diski. Mita moja ya shafti ya milimita 50 ina uzito wa kilo 15 na zaidi, na ukiiegemeza ncha zote mbili, katikati hulegea na kubana. Bana upande mmoja, uache kipande kinachokatwa kining'inie kwa namna ya kuufungua mfereji, na miguu yako isiwe chini yake. Kinga ya diski haiondolewi, macho na uso hufunikwa, wala diski nyembamba haitumiki kusagia kwa ubavu wake. Tarehe ya mwisho ya kuitumia imepigwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski, isomeni.

Mmoja wenu ameuliza kabla sijaanza kuhusu shafti ngumu za mashine. Ijaribuni kwa tupa kwanza. Tupa ikiteleza bila kung'ata, msumeno wa mkono hautafanya lolote, na hapo grainda ndiyo njia. Lakini katika chuma chenye kaboni nyingi, joto la diski likinyonywa ghafla na mwili baridi wa pau huacha ngozi ngumu kwenye uso wa mkato, na keekee itateleza hapo kama tupa ilivyoteleza. Kwa hiyo msikipoze kipande kwa maji, na mkikata cha kutobolewa au kutiwa nyuzi za skrubu upande huo, acheni milimita mbili tatu za ziada za kusagwa polepole baadaye.