Ruzuku za Sanaa ya Umma na Muda Usiolipiwa

Ndugu mwenyekiti, wasanii wenzangu, na ninyi nyote mliofika kwa sababu upo ukuta, uwanja au bustani mnayotamani kuiona ikibeba kazi ya mikono ya watu wanaoishi karibu nayo: nimeombwa nizungumzie ruzuku za sanaa za nje zinazofanywa na jamii yenyewe. Ninalotaka kusema ni moja. Ruzuku nyingi hulipia kile kitakachoonekana siku ya uzinduzi, yaani rangi, chuma, saruji na ujira wa msanii, ilhali kazi ya jamii hustawi au hufa kutokana na miezi inayoutangulia uzinduzi huo na miaka inayoufuata.

Mwaka 1967 Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani ulianzisha mpango wa kugharimia sanaa mahali pa umma. Kazi ya kwanza kutokana na mpango huo ilikuwa sanamu kubwa nyekundu ya Alexander Calder iliyosimamishwa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1969. Mfuko ulitoa dola 45,000, na fedha nyingine zikachangwa na wenyeji na taasisi zao. Walikuwapo walioipinga vikali, lakini baadaye mji ukaifanya nembo yake. Mimi naamini kwamba ule wajibu wa kuchanga ulifanya kazi kubwa kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa uliwalazimisha watu kubishana juu ya sanamu kabla haijafika.

Mjini New York mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimamisha kwenye uwanja ulio mbele ya majengo ya serikali sanamu iliyo kama ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa takribani mita 36 na kimo kinachokaribia mita 4, kwa gharama ya dola 175,000. Jopo la wataalamu liliichagua kazi hiyo kwa kufuata taratibu zote, ila wafanyakazi wa majengo hayo, ambao wangeuvuka uwanja ule kila asubuhi na kila jioni hawakushirikishwa katika uamuzi. Katika kikao cha hadhara cha mwaka 1985, watu 122 walizungumza kuitetea na 58 wakataka iondolewe. Hata hivyo iliondolewa, mwaka 1989. Sisemi kwamba kazi ya Serra ilikuwa mbaya, maana ninaiheshimu. Ninachosema ni kwamba kikao kile kilifanyika miaka minne baada ya chuma kusimama, wakati ambapo mtu hakuwa na la kuchagua isipokuwa kuibakiza au kuing'oa. Kingefanyika kabla ya mchoro wa kwanza, huenda kingezaa kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana napendelea ruzuku inayotolewa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza iwe ndogo na ilipie mazungumzo peke yake: vikao, ukusanyaji wa kumbukumbu za wazee, vipimo vya ukuta, michoro ya majaribio, na posho kwa wakazi wanaoacha shughuli zao ili kuhudhuria. Awamu ya pili itolewe baada ya jamii kukubali, na jamii iwe na uhuru wa kukataa bila kuadhibiwa katika maombi yake yajayo. Wafadhili hulalamika kwamba utaratibu huo unachelewesha mambo. Ni kweli, nao ucheleweshaji huo ndio unaostahili kulipiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Los Angeles, katika mfereji wa zege wa kupitishia maji ya mafuriko. Msanii Judith Baca alianza kuupangia mchoro wake katikati ya miaka ya 1970, na kati ya mwaka 1976 na 1983, msimu wa kiangazi baada ya kiangazi, vijana zaidi ya 400 walichora historia ya watu ambao vitabu vya shule viliwaruka, hadi mchoro ukafikia takribani mita 840. Vijana wale waliajiriwa na kulipwa. Nalikazia jambo hilo kwa sababu maandiko mengi ya miradi ninayoyasoma huwaorodhesha vijana kama wanaojitolea, huku bajeti ikiwalipa msanii, mpiga picha na mchapishaji wa mabango. Mfuko unapodai mchango wa jamii unaolingana na ruzuku, basi saa za kazi za wakazi zihesabiwe thamani kamili, la sivyo sharti hilo litawafungia nje wale hasa wasio na akiba benki.

Kuhusu matunzo, naomba tuwe wakali zaidi. Jua hufifisha rangi nyingi nyekundu na za manjano mapema, wakati zile zitokanazo na oksidi ya chuma hustahimili. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi husukuma chumvi hadi juu na kubandua rangi kwa nyuma, na hakuna vanishi inayotibu ukuta unaovuja. Kwa hiyo fungu la matunzo litengwe tangu mwanzo, likae mahali ambapo haliwezi kutumiwa kununulia rangi zaidi, na andiko lieleze ni nani atakayeukagua ukuta kila mwaka.

Limebaki suala la mwenye ukuta. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za wasanii ina meno: wasanii ambao michoro yao ya ukutani ilipakwa rangi nyeupe na mwenye jengo huko Queens, New York, mwaka 2013 walishinda kesi, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru walipwe dola milioni 6.75. Kwa kazi inayoweza kuondolewa bila kuharibika, sheria hiyo humtaka mwenye jengo ampe msanii taarifa ya siku 90. Lakini haki hiyo ni ya msanii. Majirani walioubuni mchoro na kuulinda kwa miaka hawatajwi. Mkataba wa ruzuku unaweza kuziba pengo hilo kwa kifungu kimoja kinachomtaka mwenye ukuta aifahamishe pia kamati ya wakazi, kwa maandishi na kwa muda uleule, kabla ya kupaka rangi juu ya kazi yao au kubomoa.