Nendeni na Kitu Mkononi

Ndugu zangu, nimeombwa niseme namna kampuni ndogo za teknolojia zinavyotafuta maarifa nje ya miji yao. Nianzie Thika.

Mwaka 2005 Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, ilitaka wakopaji wa Kenya warejeshe mikopo midogo kwa simu. Programu iliandikwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge, mji uliojaa wahandisi na maabara. Ya kompyuta waliyajua. Ila kuhusu mkopaji wa Thika, pale Cambridge wangemuuliza nani?

Oktoba wakaanza majaribio Nairobi na Thika: mawakala wanane, wateja wasiofika 500. Watu wakafundishwa kulipa mkopo, nao wakafanya yao. Mtu anaweka pesa kwa wakala, anasafiri, akifika anazitoa. Njiani mfuko mtupu, mwizi apapase mpaka achoke! Wengine walizilaza kwenye simu hadi asubuhi. Mwingine alimlipia mwenzake mkopo, akalipwa kwa kazi. Hakuna aliyewaagiza. Machi 2007, huduma hiyo ilipofunguliwa kwa umma kwa jina la M-Pesa, habari ya mkopo ilikuwa imewekwa kando, kazi kuu ni kutumiana pesa.

Nataka mlione hili: wangekuja na dodoso, wangejibiwa habari za mikopo, maana ndiyo waliyouliza. Walikuja na kitu kinachofanya kazi, watu wakakishika, wakakipinda kufuata maisha yao.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Tuko wanne, tunatengeneza vifaa vya kupima maji kwenye matangi. Mwaka wa kwanza tulichangishana nauli, wawili wakaenda maonyesho Ulaya. Suti, tabasamu, kadi za biashara. Zile kadi ziko kwenye droo mpaka leo, zimefungwa kwa mpira.

Safari iliyofuata tulimtuma kijana mmoja Shenzhen, China, soko la Huaqiangbei, kule vipuri vya elektroniki vinauzwa meza kwa meza. Alibeba bodi moja mbovu ya saketi ya kifaa chetu, basi. Meza ya tatu au ya nne, mama mmoja aliigeuza, akaiwasha, akasubiri kidogo, kisha akaweka kidole kwenye kona moja na kukiondoa haraka kama aliyegusa sufuria. Kichina kijana hajui, na yule mama Kiingereza hajui.

Kuhusu kona hiyohiyo tulikuwa tumeandikiana barua pepe na muuzaji wetu miezi mitano.