Damu ya Amritsar na Gavana wa Punjab

Ndugu zangu, ikitajwa Amritsar ya 1919, mji wa jimbo la Punjab, India, ambako jeshi la Waingereza liliua mamia ya watu, jina linalokuja haraka ni la Brigedia Jenerali Reginald Dyer. Leo nawaomba tumtazame zaidi Michael O'Dwyer, Luteni Gavana wa Punjab tangu 1913. Siku ya mauaji alikuwa Lahore, makao makuu ya jimbo. Hata hivyo, kwangu mimi, yeye ndiye mhusika mkuu.

Waingereza waliitwaa Punjab mwaka 1849. Aliyeitawala hakuchaguliwa na mwananchi yeyote wa jimbo hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, O'Dwyer aliwabana maofisa wa wilaya na wakuu wa vijiji wamletee vijana wa jeshini, na Punjab ikatoa askari kuliko jimbo lolote la India. (Askari wa Punjab walifika hata kwetu: kikosi cha 29th Punjabis kilipambana na Wajerumani Longido, Novemba 1914.) Vita vikaisha, na Machi 1919 Wahindi wakaletewa Sheria ya Rowlatt, iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi.

Aprili 10, serikali ya O'Dwyer iliwakamata viongozi wawili wa Amritsar waliokuwa wakiipinga sheria hiyo kwa amani, daktari Satyapal na mwanasheria Saifuddin Kitchlew, ikawahamishia Dharamsala. Mji ukawaka. Waandamanaji walipigwa risasi, benki zikachomwa moto, Wazungu watano wakauawa. Nao hao ni marehemu, lazima tuwataje.

Tarehe 13, sikukuu ya Baisakhi, maelfu walikuwa wamekusanyika Jallianwala Bagh, kiwanja kilichozungukwa na kuta na nyumba. Dyer aliingia na askari wake, hakutoa onyo, akaamuru wapige. Risasi 1,650, kwa muda wa dakika kumi hivi. Serikali yenyewe ilikubali vifo 379. Wahindi walihesabu zaidi sana.

Sasa, gavana alifanya nini? Dyer alipopeleka taarifa, alijibiwa kwamba kitendo chake ni sahihi na Luteni Gavana anakiafiki. Tarehe 14, ndege za kijeshi ziliangusha mabomu Gujranwala. Ukafuata utawala wa kijeshi: viboko hadharani, na Amritsar kukawa na kichochoro ambacho Mhindi alilazimishwa kukipita kwa kutambaa.

Dyer alilazimika kuacha jeshi mwaka 1920. O'Dwyer alimaliza muda wake, akarudi Uingereza. Mwanasheria Sankaran Nair alipoandika kwamba gavana huyo alihusika na ukatili ule, O'Dwyer alimshtaki London kwa kumchafulia jina, na mwaka 1924 akashinda fidia ya paundi 500. Hebu fikirini: kesi ilisikilizwa kwa ajili ya heshima ya gavana, si kwa ajili ya waliokufa.

Kuanzia 1921, katika serikali za majimbo, mawaziri Wahindi walikabidhiwa elimu na afya. Polisi na kodi ya ardhi vilibaki upande wa gavana, na hapo ndipo ningependa maswali yenu yaanzie.