Kumtafuta Babu Aliyeletwa na Namba

Ndugu zangu, tuanze na jina, kwa sababu jina ndilo linalowapoteza wengi. Mjukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kwenye mashamba ya mkonge hapa Tanga, anashika karatasi ya zamani iliyoandikwa "Juma Ndayizeye, Mha". Anapiga simu Kasulu, Kigoma, kuulizia ukoo wa akina Ndayizeye, na hapo ameshakosea njia. Kwa desturi ya Waha na Warundi, mtoto hakurithi jina la baba. Kila mmoja alipewa lake. Baba yake Ndayizeye hakuitwa Ndayizeye, wala kaka yake. Hilo la Juma huenda alilipata aliposilimu huku huku kambini. Na "Mha" ni neno la karani: wapo Warundi wengi walioandikwa Waha. Maneno matatu kwenye karatasi, na hakuna hata moja la kuliamini peke yake.

Kwa Wangoni hali ni nyingine. Komba, Gama, Ngonyani, Mapunda, Haule ni majina ya koo, kwa hiyo yanakupeleka upande sahihi, ila akina Komba ni maelfu. Kwa Wamakua na Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, ukoo hufuata mama. Huko usiulize baba wa babu alikuwa nani. Uliza mjomba wake, na ukoo wake wa upande wa mama: nihimo kama ni Mmakua, au litawa kama ni Mmakonde.

Basi kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, kaeni na wazee waliobaki. Msiwaulize "babu alitoka wapi?", maana jibu litakuwa "Kigoma" au "Songea", na mkoa mzima haukusaidii. Ulizeni vitu vidogo. Alipanda treni au lori wapi? Alikuja na nani, na mwenzake huyo alizikwa wapi? Alikuwa akiapa kwa nani akikasirika? Nyama gani hakuila? Chale zake zilikuwa wapi? Kama bibi anakumbuka wimbo alioimba wakati wa kubembeleza mtoto, mrekodini kwenye simu, hata kama haelewi maneno, kisha msikilizisheni mtu wa Kibondo na mtu wa Burundi kila mmoja peke yake. Mwenye lugha yake huitambua upesi.

Miaka pia ipimeni kwa matukio. Wakala wa kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, SILABU, ulianza 1944. Aliyekuja kabla ya hapo aliletwa na mwandikishaji mwingine au alijileta mwenyewe. Je, alikuja kabla ya vita kuisha, 1945? Wakati bei ya mkonge ilipopanda sana, mwanzoni mwa miaka ya 1950? Kabla ya Uhuru? Mkiweza kuubana mwaka wake ndani ya kipindi cha miaka mitano, yatosha kuanzia kazi.

Sasa mahali. Hata jina la kijiji likikumbukwa, kijiji chenyewe huenda hakipo pale kilipokuwa. Operesheni Vijiji ya kati ya 1973 na 1976 ilihamisha watu nchi nzima, na Kigoma ilianza mapema zaidi. Wilaya nazo zimegawanywa: Kasulu ya babu inaweza kuwa Buhigwe ya leo, na Kibondo yake ikawa Kakonko, tangu 2012. Mwaka huo huo Njombe ilitolewa Iringa ikawa mkoa. Kinachosaidia zaidi ni jina la utawala wa zamani, kwa kuwa wazee walijitaja kwa mtemi wao waliyemlipia kodi: tawala kama Heru, Muhambwe, Buyungu. Utemi ulifutwa 1963, lakini Muhambwe bado ni jina la jimbo la uchaguzi, na Buyungu lilikuwa hivyo hadi 2025, kwa hiyo mtu wa huko atakuelekeza mara moja.

Nyaraka za mashamba wengi huzikimbilia kwanza. Msianzie huko. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, mengine yakafa, na vitabu vya mishahara vikaliwa na mchwa. Mafaili ya Idara ya Kazi yaliyomo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa yanahesabu watu. Majina yao ni nadra.

Hazina ya kweli, kama babu alibatizwa Katoliki, ni kitabu cha ubatizo, na hapa naomba tutulie kidogo. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa, parokia ya ndoa iiandikie parokia alikobatizwa, na taarifa iingizwe pembeni mwa jina lake. Maana yake, mtu aliyebatizwa Peramiho, misioni iliyoanzishwa 1898, akaja kuoa kanisani Korogwe, anaweza kuwa ameandikwa kote kuwili. Anzeni na kitabu cha ndoa cha huku Tanga. Humo hutajwa parokia ya ubatizo. Kisha iandikieni parokia ile kupitia paroko wenu, mkitaja jina, mwaka wa kukadiria na majina ya wazazi. Majina humo mara nyingi yako kwa Kilatini: Yohana ni Joannes, Karoli ni Carolus, Ludoviko ni Ludovicus. Mkiomba "Yohana" tu, msaidizi wa ofisi anaweza kupita juu yake. Ombeni pia jina la msimamizi wa ubatizo. Mara nyingi ni jirani au ndugu, na watoto wake bado wako pale pale.

Mkishapata kijiji, mpigieni mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, na sentensi ya kwanza iwe kwamba hamtafuti shamba. Hili huharibu zaidi ya jina. Watu wamegawana ardhi ya mtu waliyeamini amekufa, pengine walishamfanyia matanga. Mgeni anayejiita mjukuu wake anawatisha. Na msiwape habari zote. Semeni babu aliondoka na nani, muwaachie wao wataje chale au mwiko wa nyama. Mkiwapa majibu mapema, watayarudia kwa nia njema, na hamtajua ukweli.

Vinasaba vije mwisho, kuthibitisha. Wengi walioletwa hapa waliacha mke nyumbani wakaoa mwingine kambini. Mtoto wa mke wa kwanza na wa mke wa pili huchangia takriban sentimogani 1,750 (ni kipimo cha vinasaba ambavyo watu wawili wanachangia: namba ikiwa kubwa, undugu ni wa karibu). Wajukuu wa pande hizo mbili hushuka hadi 450 hivi, na namba hiyo huyumba sana, huku ndoa za mabinamu zikiipandisha na kuwafanya watu waonekane karibu kuliko walivyo. Kipimo cha kromosomu Y, kwa wanaume wa mstari mmoja wa baba, huonyesha mstari tu. Wanaukoo wawili wanaweza kufanana bila kuwa na babu mmoja. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi mwenyewe kupimwa. Ombi hupitia kwa wakili, ustawi wa jamii au mahakama. Njia yoyote mtakayochagua, mzee kuliko wote wa kila upande apimwe kwanza: yeye yuko karibu zaidi na babu kwa kizazi kuliko ninyi.